Kiti cha Malkia

Ukumbi wa jumba la kifalme ulikuwa umefurika wageni siku ile fundi wa viti aliporudi nyuma, kiti mikononi, akamkanyaga mtu.

"Pole, kaka!"

"Usijali, dada. Nina mguu mwingine."

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa kusafisha picha za kuchorwa, shati jeupe, mfuko umejaa vijiti vya pamba. Yeye alisafisha picha ya malkia. Binti, yule fundi wa viti, alivisha viti vya ukumbi ule ule kitambaa kipya cha mahameli, chekundu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita mwezi, hata walinzi walijua.

"Mahameli wangu, umekula?"

"Bwana Pamba, mhudumie malkia wako, niache nipigilie misumari."

Kila asubuhi binti alikuta mwanamume amemwandikia mzaha kwa penseli kwenye mbao, ndani ya kiti kilichosubiri kuvishwa. Alicheka, kisha akaufunika kwa mahameli.

Ndipo mama yake binti akaugua. Alimuuguza hospitalini siku nne, na shangazi yake, aliyemfundisha ufundi na ambaye macho yalishaanza kumchoka, akamshikia kazi. Aliporudi, fundi wa picha alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Umekiona kiti cha malkia?"

"Nimekiona." Alidhani anaulizia kazi ya shangazi. "Lakini sasa sina moyo wa mambo hayo. Mama ananifia."

Mwanamume akaitikia kwa kichwa tu. Baada ya mazishi alipata kazi nchi nyingine, akaenda zake. Binti naye alikuwa na msiba na kiburi chake. Akasema aende, njia nyeupe.

Miaka sita baadaye mahameli ilichakaa. Alipong'oa misumari ya kiti cha malkia, aliyakuta maandishi: "Mahameli wangu, utakubali nikuoe?"

Alikaa sakafuni, akampigia simu.

"Nimeyasoma leo," alisema. "Kile kiti alikifunika shangazi."

"Leo?" mwanamume aliuliza. "Mimi nilijua umenikataa."

Nyuma ya mwanamume mtoto alicheka, na mwanamke akaita, "Mume wangu, chakula kinapoa!"

"Niambie ukweli," mwanamume akanong'ona. "Ungenijibu nini?"

Binti alimpenda mno, hakutaka aketi mezani na mkewe akiwa na jibu lile kifuani.

"Ningekataa."

Alimsikia akishusha pumzi. "Basi afadhali. Umenitua mzigo."

"Nenda ukale."

Alikata simu, akajiinamia, akalia kwa sauti. Mgeni mmoja akamwuliza kama amejichoma sindano. Akasema ndiyo.