Sensa Haikuwa Mbovu

Kikopo cha mtindi kilipasuka mkononi mwa Joyness kabla hajakilipia. Kifuniko kiliruka, mtindi ukamtapakaa kifuani, juu ya ovaroli ya bluu aliyoifua jana yake, na duka zima la Firoz pale Mwanjelwa likageuka kumtazama.

"Pole sana, dada yangu," alisema mwanaume aliyesimama mlangoni na kreti mikononi. "Ni joto hilo."

"Joto la wapi, kaka? Hapa Mbeya?"

"Ubaruku, kule tambarare."

Firoz, mwenye duka, hakucheka. Alikuwa akibonyeza vikopo vilivyobaki, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

"Adrian, hii mara ya tatu. Mtindi wako mzuri, hata nyumbani kwangu tunakula. Lakini mteja akiumwa tumbo atakuja hapa, hatapanda basi kwenda Iringa. Wiki ijayo ukija na hivi, usishushe."

Adrian aliweka kreti chini. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limemganda mgongoni kwa jasho lililokauka, na viatu vyake vya ngozi vilikuwa vya mtu anayetoka misani. Mtindi ule aliununua kwa wafugaji wa Iringa, akaupakia kwenye Noah aliyoing'oa viti vya nyuma, akaziba vioo kwa mablanketi na kuwasha AC mpaka mwisho. Nusu aliuacha Ubaruku kwenye mashine za mpunga, nusu akauleta Mbeya. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake yote.

"AC inakata nikishuka tambarare," alimweleza Firoz, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile ovaroli. "Nikianza kupanda kuja huku, inarudi. Nikiipeleka kwa fundi, inapuliza baridi kama kawaida. Wote wananiambia ni sensa ya presha."

"Waliipima?" aliuliza Joyness.

"Dada, unahoji kama trafiki."

"Nahoji kama fundi. AC ndiyo kazi yangu, gereji yangu iko nyuma ya duka hili. Na kwa kuwa umeshanimwagia mtindi, huna pa kukimbilia."

Kule gereji, AC ilipuliza baridi safi. Joyness aliweka kiganja kwenye tundu la hewa, akakiondoa, akakirudisha.

"Gari lako linanichokoza."

"Gari tu?"

"Tuanze na gari."

Alikataa kugusa chochote siku hiyo. Gari lisilougua mbele yako huwezi kulitibu, alisema. Lazima aende nalo huko linakougulia. Wakakubaliana Alhamisi.

Alhamisi Joyness hakuvaa ovaroli. Alivaa gauni la kitenge cha njano lililobana kiunoni, raba nyeupe, na sanduku la vifaa akalipakata kama mtoto.

"Leo amekuja fundi au mgeni rasmi?" Adrian aliuliza, akimfungulia mlango.

"Endesha gari, wewe."

Waliteremka Igurusi, wakapita Chimala, na kadiri barabara ilivyoshuka ndivyo Oktoba ilivyopandisha joto lake. Adrian alimsimulia habari za ng'ombe wa Iringa wenye majina ya watakatifu. Joyness alimsimulia jinsi wateja wanavyoingia gereji kwake, wakamwona, wakauliza fundi yuko wapi. Walicheka mpaka Ubaruku, na pale, katikati ya mashine za kukobolea mpunga, pumba zikipepea hewani kama vumbi la dhahabu, hewa ya AC ikaanza kuwa vuguvugu.

"Simamisha! Usizime!" Joyness alipiga kelele kwa furaha, utadhani ameona simba.

Alifungua boneti. Aliunganisha geji zake kwenye mabomba, kisha akachomeka ndani ya gari kile kimashine kinachosoma kompyuta ya gari. Akamwita Adrian asogee.

"Angalia. Geji inapima gesi yenyewe, haiulizi kompyuta. Hiki kimashine kinanionyesha kile sensa inachoiambia kompyuta. Namba zikipishana sana, sensa inadanganya, au waya wake. Zikifanana, sensa inasema kweli."

Adrian aliinama. Bega lake liligusa bega la Joyness, na hakuna aliyelisogeza.

"Zinafanana."

"Zinafanana, na zote ziko juu mno. Feni inazunguka, na mbele hapa hapajazibwa na pumba. Kwa hiyo sensa yako ni nzima, tena ni mlinzi hodari. Ikiona presha imepita kiasi, kompyuta inazima kompresa, ile pampu ya gesi, ili bomba lisipasuke. Umejaziwa gesi nyingi. Nani alikujazia?"

Adrian alinyoosha mgongo. "Kaka yangu. Saulo. Ana gereji Kihesa, pale Iringa."

"Lini?"

"Julai. Asubuhi."

Joyness alicheka. Hakucheka kwa dharau, lakini alicheka. "Asubuhi ya Julai, Iringa, mtu akisema anatoa moshi mdomoni! Kwenye baridi ile gesi hata ikitosha, geji inasoma chini. Yeye anaifukuza namba ya kwenye kadi ya presha, anaongeza tu. Kazi alijifunzia wapi?"

"Dar."

"Basi. Ile ni kadi ya joto la Dar. Asubuhi ya Iringa usifukuze namba, toa gesi yote, ipime kwa mzani, rudisha kiasi kilichoandikwa chini ya boneti. Hapo hukosei."

Alipoinua uso, Adrian hakuwa akitabasamu tena.

"Joyness, naomba kitu. Saulo asijue. Baba alipofariki nilikuwa na miaka minane. Kaka aliacha shule akaenda Dar kushika spana ili mimi nisome. Nikimwambia kwamba miezi yote hii mtindi wangu uliharibiwa na mkono wake… Nitamwambia umebadilisha sensa. Yaishe."

Gauni la njano lilikuwa na doa la grisi, jua liliwaka utosini, na mwanaume huyu alimtazama kama vile maisha yake yote yako kwenye jibu lake.

"Sawa," alisema Joyness.

Neno hilo moja lilikuja kumgharimu sana.

Jioni ile ile alitoa gesi na kuipima: ilikaribia mara mbili ya kiasi kilichoandikwa. Akarudisha inayostahili. Wiki iliyofuata Firoz alibonyeza vikopo, vikabonyea vizuri. Na simu zikaanza.

"Haloo, mama AC. Nimefika Ubaruku, naganda kwa baridi."

"Mimi si mama wa mtu."

"Bado."

"Adrian, nina mteja hapa."

"Mwambie asubiri, unaongea na mgonjwa."

"Unaumwa nini?"

"Nashuka tambarare nakukumbuka, nikipanda nakukumbuka zaidi. Labda sensa."

"Nenda zako huko, mpenzi," alisema, na mteja akajifanya hasikii.

Desemba waliitana mchumba. Januari Adrian alimpeleka Kihesa, Jumapili, baada ya misa. Barua ya posa ilikwishaandikwa; Saulo, aliyesimama badala ya baba, ndiye angeipeleka kwa wazazi wa Joyness Jumamosi ifuatayo. Joyness alivaa gauni refu la zambarau na viatu vya kisigino vilivyokuwa vikizama kwenye udongo mwekundu.

"Kamwene, shemeji," Saulo alimpokea kwa salamu ya kwao na mikono miwili. Alikuwa mnene, mcheshi, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa oili hata siku ya Bwana. Walikula kuku, wakanywa pombe ya ulanzi, na Saulo akamwita binti yangu mara tatu. Joyness akampenda. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu husimulia kisa hiki kana kwamba alikwenda kumdhalilisha.

Kisha akaingia mwalimu mstaafu, jirani, akiomba radhi kwa kusumbua siku ya mapumziko. AC ya gari lake inakata akishuka Morogoro. Saulo alifungua boneti na kutikisa kichwa.

"Sensa, Mwalimu. Nilipokujazia gesi mwezi wa saba ilipuliza vizuri, si ndiyo? Basi sensa imekufa. La mdogo wangu lilikuwa hivi hivi. Bahati nzuri fundi aliyelitengeneza ndiye huyu, shemeji yangu mtarajiwa. Shemeji, si ulibadilisha sensa likapona? Mwambie Mwalimu."

Wote walimgeukia. Joyness alimtazama Adrian. Adrian alitazama viatu vyake.

Angeweza kusema tutazungumza baadaye, shemeji. Angeweza kumwita Saulo pembeni. Mengi mazuri ya kusema humjia mtu akiwa kwenye basi la kurudi. Pale uani alimwona mzee anayekwenda kununua kifaa asichokihitaji, kwa ushahidi wake yeye.

"Hapana, shemeji. Sikubadilisha sensa. Ilikuwa nzima. Gesi ilizidi, kwa sababu ilijazwa kwenye baridi. Hata hili la Mwalimu tulipime kwanza."

Saulo aligeuka polepole. "Adrian?"

Hapa ndipo Adrian angeweza kuwa mwanaume yule Joyness aliyempenda.

"Joyness anachanganya magari, kaka. Ana wateja wengi."

Mwalimu alikohoa. Saulo alifunga boneti, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Joyness alichukua mkoba wake akatembea hadi stendi, visigino vikizama kila hatua.

Jumatatu Adrian alipiga.

"Umeniaibisha."

"Mimi?"

"Mbele ya mteja wake, Joyness! Nyumbani kwake! Baada ya kula chakula chake! Mpigie tu, mwambie ulichanganya. Sekunde kumi. Barua iko kabatini, mpenzi wangu. Jumamosi si mbali."

"Niseme uongo wa pili ili wa kwanza usione aibu?"

"Sema samahani tu. Nakuomba."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Joyness alikata simu. Jumamosi ikapita. Wazazi wa Joyness walikwishaazima viti, wakavirudisha. Mtindi ukaendelea kufika Mwanjelwa, lakini aliuleta dereva mwingine, na Firoz, ambaye hakuulizwa, alimwambia Joyness kwamba bwana Adrian siku hizi anaishia Ubaruku. Ni kweli. Alikuwa akishusha kreti pale, kisha anakaa kwenye Noah yenye baridi safi, anaifungua namba ya Joyness, anaitazama, anageuza gari.

Katikati ya Februari Saulo alisimama mlangoni mwa gereji ya Mwanjelwa akiwa na koti la suti na bila tabasamu. Joyness alijiandaa kwa matusi.

"Ndaga, shemeji," alisema Saulo, akijaribu ile shukrani ya Kinyakyusa, ya kwao Joyness, kisha akaona haijakaa mahali pake. "Hata sijui nianzie wapi. Nilipima lile la Mwalimu kwa mzani. Ulisema kweli."

"Kaka Saulo…"

"Ngoja. Tangu Oktoba, Adrian aliponiambia sensa, nimebadilisha sensa za magari manne. Manne, Joyness. Nimeyaita yote, nimeyapunguzia gesi. Mmoja amehamisha gari lake kwa fundi mwingine, na ana haki. Adrian ni mdogo wangu, alinificha kwa mapenzi yake ya kijinga. Lakini wewe ni fundi mwenzangu. Ulijua tangu Oktoba. Mbona hukunipigia?"

Joyness aliweka spana chini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumshtaki kwa kosa alilolitenda kweli.

"Nilimpenda," alisema. "Akaniomba, nikasema sawa. Nisamehe, kaka. Ningesema mapema usingebadilisha hata sensa moja."

"Yameisha." Saulo alivua koti, akalitundika kwenye msumari. "Sasa nionyeshe huo mzani wako."

Walifanya kazi mpaka saa kumi. Akiondoka, Saulo aligusa bega lake. "Yule bwana hali, halali. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Anasema yeye yuko tayari kukusamehe, kwa nini wewe usimpigie. Mlainishie kidogo, shemeji. Wanaume wa kwetu aibu inatuua."

Simu ililia kabla Saulo hajafika barabarani. Jina lilikuwa bado limehifadhiwa kwa kopa jekundu.

"Kaka amekuja huko?" Sauti ya Adrian ilikuwa inakwaruza.

"Ametoka sasa hivi."

"Kwa hiyo mmeelewana."

"Tumeelewana."

"Basi na sisi tuyamalize, Joy. Barua naileta mwenyewe kesho. Nakupenda, unajua. Nilikosea, na wewe ulikosea, tuseme ngoma droo. Wewe sema tu samahani kwa kunivua nguo mbele za watu, na mimi niseme yangu. Anza wewe."

Joyness aliegemea lile gari alilokuwa akilitengeneza. Alimtamani. Alitamani bega lile, majina ya ng'ombe wale, simu zile za mchana. Alijua akisema neno moja kesho viti vitaazimwa tena. Alijua pia kwamba siku nyingine, uani kwingine, mtu atauliza swali, na Adrian atatazama viatu.

"Kaka yako nilimkosea, nimemwomba radhi," alisema, na machozi yalikuwa yakimshuka bila kutetemesha sauti. "Nilimkosea kwa kunyamaza. Wewe sikukukosea kwa kusema."

"Joyness, neno moja tu."

"Siombi radhi, Adrian."

"Hata kwa ajili yetu?"

"Siombi."