Ngozi ya Tumbo kwenye Mkanda wa Mpanda Miti

Ndugu zangu wa Lushoto, leo sibembelezi mtu. Nyumba yangu imepakana na ya Issa, fundi ngozi, na niliyoyaona nayasema.

Ilikuwa nyumba yenye raha. Asubuhi ukungu ukipanda, utamkuta Issa barazani anakata mikanda ya kupandia miti, ile wapogoaji wanayojifunga kiunoni na kuizungusha kwenye shina la mkaratusi. Mkewe Husna anashona, wanataniana. Ngozi alikuwa anaifuata mwenyewe Tanga. Anaikunja, anaivuta, anachukua ya mgongo tu, kwa sababu ndiyo imara. Ya tumbo inalegea, hiyo ni ya pochi.

Basi tamaa ikaingia. Wateja walipoongezeka, Issa akaona safari zinamchelewesha. Muuzaji mmoja akamtumia picha kwenye simu: ngozi nyeusi, inang'aa, bei rahisi. Akaagiza bila hata kuomba kipande cha kujaribu!

Mzigo ulipofika, Husna alivuta ukingo mmoja. Ukarefuka.

"Baba Latifa, hii ni ya tumbo."

"Umeanza! Huoni inavyong'aa?"

"Imepakwa rangi tu. Tengeneza pochi. Mtu atapanda mti na hii!"

"Wateja wananisubiri, wewe unaniletea mikosi."

Husna akagoma kushona. Issa akashona mwenyewe, akapeleka gulioni, mikanda ikaisha yote isipokuwa mmoja. Siku iliyofuata akaja Ismaili, mdogo wake Husna, mpogoaji wa kule Mgwashi.

"Shikamoo shemeji. Mkanda wangu umechakaa."

"Marahaba. Chukua huu, zawadi yako."

Husna alikuwa shambani. Angekuwepo, angemnyang'anya.

Wiki ile mvua ilinyesha, na ngozi ikilowa ndiyo inazidi kulegea. Ismaili alikuwa juu kabisa, ameuegemea mkanda kwa uzito wake wote, matundu ya kufungia yakachanika. Wenzake walisikia ukelele mmoja tu.

Tulimzika kesho yake. Husna akamwambia mumewe mbele yetu sote, "Nilikwambia mtu atapanda na hii."

Sasa Issa anazunguka milimani kuitafuta mikanda mingine aliyoiuza. Kule Vuga amepata kadhaa. Lakini gulioni huja watu wa kila upande, na wengine hata sura zao hazikumbuki.

FUNZO

Wewe fundi wa hapa kwetu, usichague ngozi kwa kung'aa kwake. Omba kipande kwanza, kilowanishe, kivute, ndipo uagize. Na mkeo akikuonya, msikilize, hakuonei wivu. Tamaa ya Issa imemwua mtu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Na wewe uliyenunua mkanda mweusi unaong'aa kwenye gulio letu, popote ulipo, kama uko juu ya mti, nakuomba shuka.