Gari Lililolala Kushoto

Rafiki yangu mmoja ni fundi wa magari ya mbio fupi, yale yanayochomoka na kwenda moja kwa moja. Siku hiyo alikuwa amefura kwa hasira. Gari la shemeji yake, kila likichomoka, lilikuwa linalala nyuma upande wa kushoto na kupinda pua, hadi nusura ligonge ukuta. Alishaikaza springi ya kushoto tena na tena, lakini wapi.

"Umeilegeza wewe!" alimfokea shemeji.

"Anayeendesha ni mimi! Nijitafutie kifo?"

"Sasa nani? Ukifa, dada yangu nitamwambia nini?"

Mchana huo akafunga mlango wa chuma wa gereji, wakabaki wawili tu ndani. Akaikaza springi huku akilaani, akapima kimo cha nyuma pande zote mbili, kikawa sawasawa. Mara umeme ukakatika. Gereji haina dirisha. Giza likawa totoro.

Springi ikalia kwiii, taratibu, kama gari linapopandwa na mtu mzito.

"Shuka! Usinichezee, nitakuzaba kofi!"

"Niko huku mlangoni," shemeji akajibu kwa mbali.

Fundi akapapasa nyuma kushoto. Bodi ilikuwa imeshuka mpaka inagusa tairi. Akaipiga ngumi kwa hasira.

"Nani humo?"

Ndani ya gari, upande wa kushoto, ambako kiti na mkanda viling'olewa zamani, alisikia mkanda ukivutwa polepole, kisha ukafungwa: tak.