Aliyemuuliza Yurani Alizaaje

Wewe unayesoma, nikuulize: mlango umeufunga kwa ndani, mwenzio yuko kazini, mama yako mzazi ameapa hatakanyaga kwako mpaka azikwe, halafu unageuka unamkuta jikoni anakukorogea supu. Utamfukuza?

Usijibu haraka. Yurani naye angekuambia angemfukuza.

Alikuwa na miaka kumi na sita na kichanga ambacho kitovu ndiyo kwanza kimekauka, kwenye nyumba ya mbao juu ya nguzo, mwisho kabisa wa Piangual, huku pwani ya Pasifiki ya Kolombia. Kwetu maji ya bahari yakitoka, kijiji kizima kinaingia mikokoni kuokota chaza. Anayebaki nyumbani anabaki na kaa wanaotembea chini ya sakafu, basi. Ndiyo maana mzazi haachwi. Mzazi ana arobaini yake: anafungwa kitambaa kichwani, anakandwa kwa maji ya majani, anapikiwa kuku, na mama yake habanduki hapo.

Yurani hakuona hata shingo ya kuku. Mama yake, Fulvia, alimfukuza siku tumbo lilipoonekana. Shule ikamwambia akapumzike, kana kwamba amechoka. Padri akasema habatizi matunda ya dhambi. Zahanati, siku ya uchungu, ilikuwa na kufuli. Akazalia ndani ya boti, mvua inapiga, wakikimbilia mjini, na aliyempokea mtoto ni baba wa mtoto, Leyner, mvulana wa miaka kumi na saba aliyekuwa hajawahi kushika hata kifaranga. Damu ilijaa botini. Tangu siku hiyo Leyner ananawa mikono mpaka ngozi inabanduka, na Yurani hasemi kitu. Na angemwambia nani?

Ilianza na harufu. Leyner alirudi kutoka kiwanda cha mbao, alikoingia baada ya kuacha shule, akakuta nyumba inanuka kamba wabichi na matope.

"Nani kaja?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Kwani nina wangapi, Leyner?"

Akacheka. "Yule aliyenirushia panga?"

"Kabadilika. Kanikanda mgongo mzima. Hajanitukana hata kidogo."

Leyner akafunua sufuria. Supu ilikuwa ya baridi kama maji ya mto, na ndani yake kamba walikuwa wanaogelea.

Kesho yake akamfuata Fulvia gatini, kwenye ndoo zake za chaza. "Mama mkwe, asante kwa kuja."

"Mkwe wa nani? Nije wapi?" Fulvia akasimama. "Mimi nikanyage kwa yule? Toka mbele yangu, mtoto wa watu, kabla sijakuzaba kibao watu wakacheka."

Leyner hakwenda kazini. Maji yalipotoka, akajificha chini ya nyumba, kati ya nguzo, magoti ndani ya tope. Kijiji kikawa kimya. Kisha akasikia nyayo juu yake. Mguu mmoja ulikuwa wa nyama, unaburuzwa kwenye mbao taratibu. Wa pili ulikuwa unagonga: tok. Akainua macho kwenye upenyo wa mbao, akauona ule wa pili, mzizi wa mkoko uliopinda, mweusi, umeota chaza mpaka gotini, unachuruzika maji ya chumvi yaliyomdondokea usoni, na hakuthubutu hata kuyafuta kwa sababu hapo hapo ile sauti ya Fulvia, laini kwa namna ambayo Fulvia mwenyewe hajawahi kuwa nayo maishani, ilisema, "Kula, mwanangu. Umeteseka peke yako. Niambie ilivyokuwa kwenye boti."

Na Yurani akasema.

Alisema yote: maumivu, baridi, jinsi alivyouona uso wa Leyner ukikimbia macho yake, jinsi alivyodhani amekufa na akaona nafuu, na sasa kila mtoto anapolia yeye hasikii mtoto, anasikia injini ya boti. Mtoto alikuwa analia wakati huo huo. Hakumsikia.

Leyner alipopanda mbio na kuvunja mlango, komeo lilikuwa bado limefungwa kwa ndani na nyumba haina mtu.

Yule wa mikokoni kila mtu kwetu anamjua. Anavaa sura ya unayemkosa. Akichukua mtu, anayemfuata ni mama wa ubatizo, kwa ngoma na matusi, maana jini huyo hawezi kustahimili kelele. Custodia, mama wa ubatizo wa Yurani, akajifunga ngoma begani, akamshika Fulvia mkono kwa nguvu, Leyner na wanawake wa kijiji nyuma yao. "Twende, comadre, mama mwenzangu! Leo hakuna cha aibu."

Waliwakuta ndani kabisa ya mikoko, maji yameanza kurudi. Yurani amekaa juu ya mizizi, maji kiunoni, mtoto kifuani, na nyuma yake mwanamke mwenye uso wa Fulvia anamsuka nywele. Ngoma ikapigwa, na wale wanawake wote wakafungua midomo kama desturi inavyotaka: "Malaya wewe! Mchafu! Mwana laana! Umetutia aibu kijiji kizima!"

Kila tusi lilipotua, Yurani alijikunja, akazidi kuzama kwenye kile kifua kilicholoa.

"Nyamazeni!" Leyner alipiga kelele. "Anadhani mnamtukana yeye!"

"Ndivyo linavyofukuzwa jini, kijana!"

"Ndivyo alivyofukuzwa yeye, mama Custodia! Kwa maneno hayo hayo!"

Ngoma ikanyamaza. Leyner akaingia majini, mikono mbele. "Yurani. Niliogopa. Nilimshika mtoto, nikashindwa kukutazama wewe. Nisamehe."

Yurani akainua kichwa. Akamnyooshea mtoto, Leyner akampokea. Kisha akamtazama Fulvia, yule wa kweli, akamngoja. Hata yule mwingine aliacha kusuka, akangoja naye.

Fulvia alitafuta neno, nadhani alilitafuta kweli, lakini lililotoka ni lile alilozoea. "Inuka hapo. Watu wanatuangalia."

Yurani akageuza uso. Maji yakapanda, mizizi ikafunikwa, Yurani hakuonekana tena, na Custodia alipiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka.

Leyner bado yuko kwenye nyumba ile na mtoto. Hakuna anayekwenda, watu wanasema ina nuksi. Jana, maji yalipotoka, jirani aliyebaki na homa alimsikia akiongea na kucheka kidogo, akisema, "Kweli, Yurani? Umerudi kweli?"

Sasa nasema nanyi. Mganga mkuu wa wilaya, toa kufuli kwenye zahanati na mlete mtu anayejua kukaa na watoto waliozaa watoto. Semina zenu na fulana zake hatuzitaki. Mwalimu mkuu, mrudishe kijana darasani. Padri, mbatize mtoto leo, apate walau mama wa ubatizo wa kumfuata. Nawe Fulvia, acha ndoo zako, panda ngazi ya nyumba ile, mkalishe yule kijana chini, muulize yaliyomkuta kwenye boti, na usimkatize mpaka amalize.