Siri Mbili Katika Tumbo Moja

Kila asubuhi Mama Mapacha alipiga pasi mataulo ya kinyozi. Kinyozi alikuwa mumewe, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kimoja, na benchi la wateja. Nusu ya wateja hao hawakuja kunyolewa, walikuja kupiga soga. Watu walimwita Mkono Mwepesi. Alikunyoa ndevu huku akikuvunja mbavu kwa vichekesho, na wembe hukuusikia ukipita.

Kisha soga zikaisha. Hakuna aliyekufa, hakuna kilichoibwa. Mkono Mwepesi alianza tu kuamka mapema mno na kukaa kitandani akiutazama ukuta. Chakula alikigusagusa tu. Wateja walipomtania, alitabasamu kwa adabu. Siku nyingine duka halikufunguliwa kabisa. Majirani wakasema amekuwa mvivu. Wengine wakasema mkewe ndiye aliyemchosha. Mama Mapacha aliyasikia yote, akaendelea kupiga pasi. Kilichomuuma ni kwamba mumewe alikuwa mle mle ndani, na bado alimkosa.

Alimwambia aende hospitali. Mumewe akajibu kwa sauti ya chini kwamba yeye si mwendawazimu.

Basi Mama Mapacha akaenda sokoni, akanunua unga wa maua makavu ya manjano. Muuzaji alimhakikishia kwamba unaondoa huzuni, na kwa kuwa ni dawa ya asili, hauna madhara yoyote. Akawa anautia kwenye chai ya mumewe, na kuzidisha tangawizi ili kuficha ladha. Hakumwambia. Alijua atakataa, na hakuwa na moyo wa kukataliwa tena.

Haukupita muda, mkono wa kinyozi ukaanza kutetemeka. Alitokwa na jasho asubuhi ya baridi. Akaharisha. Hakuweza kutulia mahali pamoja. Mama Mapacha alidhani dawa inapambana na ugonjwa, akaongeza kijiko.

Siku moja kinyozi alikuwa akimnyoa mzee seremala, mteja wake wa miaka mingi. Wembe ukateleza, damu ikachirizika shingoni na kulowesha taulo. Jeraha lilikuwa dogo. Mzee alisema si kitu, lakini aliondoka na ndevu nusu. Mkono Mwepesi akaweka wembe chini, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Mama Mapacha hakuwahi kumwona akilia. Alitoka mbio bila viatu, akamwita jirani yao, muuguzi.

Muuguzi alimshika kinyozi kifundo cha mkono. Moyo ulikuwa unakwenda mbio.

"Shemeji, unatumia dawa gani?" aliuliza.

"Hatumii dawa yoyote," akajibu Mama Mapacha.

"Nimemuuliza yeye, shoga yangu."

Kinyozi alitazama sakafu. Kisha akapeleka mkono nyuma ya kioo, akatoa pakiti ya vidonge. Alikuwa amekwenda kliniki peke yake, kimyakimya, na daktari alimwambia ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

"Sikutaka ujue umeolewa na mgonjwa wa akili," alimwambia mkewe.

Mama Mapacha alikwenda jikoni akarudi na kopo la unga.

"Nami nimekuwa nikikutilia unga huu kwenye chai," alisema. "Nisamehe, Baba Mapacha. Niliogopa."

Muuguzi alinusa unga ule, akasoma maandishi ya kopo. Hakumkaripia mtu.

"Maua haya si uchafu," alisema. "Wapo wenye sonona nyepesi ambao yanawasaidia. Lakini hayakai pamoja na vidonge hivi. Kila kimoja kinausukuma ubongo upande ule ule, na vikikutana vinausukuma kupita kiasi. Ndiyo maana unatetemeka. Mtu anaweza hata kufa. Na yanapunguza nguvu za dawa nyingine, hata vidonge vya uzazi wa mpango. Cha asili nacho ni dawa. Kabla hujakitumia, mwambie daktari."

Kisha akamgeukia kinyozi na kumuuliza waziwazi kama amewahi kutamani kufa.

"Kuna siku nilitamani nisiamke," kinyozi alisema.

Mama Mapacha alimshika mkono ule uliotetemeka, wala hakuuachia. Muuguzi akamshukuru kinyozi kwa kusema. Akawaeleza kwamba sonona si uvivu wala aibu, ni ugonjwa, na unatibika. Wakaondoka papo hapo kwenda hospitali, pakiti na kopo vyote mkononi.

Daktari alimlaza ili amwangalie. Unga ukaachwa kabisa. Vidonge navyo vilisimamishwa kwanza, na mtetemeko ulipokwisha daktari akamwanzishia upya kidogo kidogo. Alimwonya asiviache ghafla kwa kuamua mwenyewe, na kumwambia kwamba nafuu huja polepole. Akampangia pia kwenda kuzungumza na mshauri, na Mama Mapacha akawa anamsindikiza. Kuhusu mawazo yale ya kutamani kufa, walikubaliana kwamba yakirudi atamwambia mkewe saa hiyo hiyo, na watakwenda hospitali bila kungoja.

Nafuu ilikuja polepole kweli. Kwanza usingizi, kisha hamu ya kula. Siku moja Mama Mapacha alikuwa akipiga pasi, akasikia kicheko cha watu kutoka chumba cha mbele. Aliiacha pasi, akasimama kusikiliza mpaka machozi yakamtoka.

Alipeleka chai. Mzee seremala alikuwa kitini, shingo nyuma, macho ameyafumba. Wembe ulipita taratibu juu ya alama ndogo ya jeraha la zamani. Mkono haukutetemeka.

Kinyozi aliufuta wembe, akapokea kikombe.

"Majani na sukari tu," mkewe akasema.

"Sijakuuliza."

"Najua. Nakuambia."

Akanywa yote.