Kabla Haijafika Mia

"Dada, nijibu taratibu. Umefuta sehemu ipi ya diski, ndogo au kubwa?" fundi wa kompyuta aliuliza kwenye simu.

"Ndogo. Mume wangu siku zote anasema ndogo ndiyo ya kufutwa, kubwa isiguswe."

"Ndogo kwa safu gani? Pale kwenye kioo kulikuwa na safu mbili za namba. Moja ni ukubwa wote, nyingine ni nafasi iliyobaki."

Sindano alikodolea macho kioo cha kompyuta, lakini ile orodha ilikuwa imeshapita. Sasa kulikuwa na asilimia zinazopanda pole pole na maneno ya kumwomba asubiri. Akajaribu kuzikumbuka namba alizosoma. Alikuwa amesoma safu ya mwisho, upande wa kulia.

"Nafasi iliyobaki," alisema.



"Basi uliyofuta ndiyo kubwa, dada. Ilionekana ndogo kwa sababu ilikuwa imejaa. Umefuta picha na video za nyumbani."

Sindano alikaa chini sakafuni, simu ikiwa bado sikioni.

Jina la Sindano alipewa na mumewe, kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya kushona mapazia. Na kiherehere chote hiki kilikuwa cha mapenzi. Kompyuta ilianza kuugua siku alipochomeka flashi ya mteja iliyokuwa na picha za mapazia. Toka siku hiyo ukigusa kitu kimoja, vinafunguka kumi usivyovitaka. Mumewe, muuguzi wa zamu zisizoisha, aliahidi kuipiga windows upya, yaani kuifuta na kuiwekea programu mpya, siku atakayopata nafasi, na siku hiyo haikufika. Sindano alishamwona akifanya kazi hiyo mara mbili. Akasema moyoni, na mimi nitaweza. Akirudi aikute mpya, aseme mke wangu wewe kiboko!

Sasa ile kubwa ndiyo iliyokuwa na folda iliyoitwa Mama.

Mama mwenyewe alikuwa mke wa kwanza wa muuguzi, aliyefariki mtoto wao akiwa hajaota meno yote. Ndani ya folda kulikuwa na video fupi fupi za simu: marehemu anaosha vyombo huku anaimba vibaya, marehemu anamcheka paka, marehemu anamsuka mtoto nywele. Simu iliyozipiga iliingia maji zamani. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Chiriku, huyo mtoto mwenye maneno kuliko redio, hukaa mbele ya kompyuta na kumtazama mama yake.

Na leo ilikuwa Jumapili. Chiriku alikuwa amelala kwa shangazi yake, yuko njiani kurudi.

Sindano alikumbuka maneno ya huyo shangazi, wifi yake, siku ya harusi. Alimkumbatia mbele ya watu, akamnong'oneza: "Karibu kwetu. Ila usije ukamfuta wifi yangu wa kwanza ndani ya nyumba yake."

Nani angeamini kwamba amekosea safu tu?

"Fundi, haziwezi kurudi?"

"Sasa hivi inaonyesha asilimia ngapi?"

"Kumi na nane. Hapana, kumi na tisa."

"Sikiliza. Kufomati kwa haraka, kule kufuta ulikofanya, hakufuti kila kitu. Kunafuta anwani tu, vitu vyenyewe vinabaki mle ndani. Lakini hiyo windows inayoingia inaandikwa juu yake. Kila ikipanda, inakula."

"Sasa nifanyeje?"

"Kuna njia mbili. Ukiiacha ifike mia, mashine itawaka kama mpya. Utasema ni virusi vimekula vitu, na hakuna mtu duniani atakayejua. Ila zile video ndiyo basi."

"Na nikiizima?"

"Haitawaka. Mumeo akirudi atakuta kioo cheusi, na itabidi umwambie. Halafu nami nitajaribu, lakini siahidi kitu."

Ishirini na moja. Sindano alijiona amesimama mlangoni na sanduku lake. Alimwona Chiriku akimtazama kwa jicho lile la siku za mwanzo, jicho lililomchukua muda mrefu kulizoea na muda mrefu zaidi kulibadilisha. Kuiacha ilikuwa rahisi mno, hata kidole asingeinua.

Ishirini na mbili.

"Dada? Upo?"

Sindano alitambaa hadi ukutani, akashika waya, akauchomoa. Kioo kikazimika papo hapo.

"Nimezima," alisema.

Hakupata hata muda wa kunawa uso. Mlango uligongwa, Chiriku akaingia mbio, shangazi mtu nyuma yake na mfuko wa ndizi.

"Mama Mdogo, shangazi ana kuku anayetaga kitandani! Nimeshakula, nataka kumwona mama."

Kabla Sindano hajafungua mdomo, mtoto alishachomeka waya na kubonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi na mstari mmoja wa maneno meupe.

"Mbona nyeusi?"

Wifi alisogea, akainama, akatazama. "Au ndiyo vile virusi kaka alivyokuwa anavisema?"

Uongo ule aliletewa mezani kama sahani iliyokwisha kupakuliwa. Sindano aliutazama. Kisha akaizima mashine tena, akapiga magoti mbele ya Chiriku.

"Si virusi. Ni mimi. Nilitaka kuitengeneza, nikafuta mahali pasipotakiwa kufutwa. Nimefuta video za mama yako, mwanangu. Sikukusudia."

Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, hakuwa na neno. Aliketi kwenye kiti chake cha Jumapili akaukazia macho ule weusi.

Wifi ndiye aliyesema. "Nilijua! Wallahi nilijua! Hukuweza kuvumilia hata sauti ya mtu aliye kaburini?"

"Wifi, nilikosea safu."

"Safu gani? Kwenye kompyuta nzima ukose cha kufuta, ukamfute yeye?"

Simu ilikuwa tayari mkononi mwake. "Kaka, njoo nyumbani. Njoo umwone mkeo alichokifanya."

Muuguzi aliingia na sare yake ya kazi, kola imelowa jasho. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Sindano alimweleza bila kuficha kitu: ndogo, kubwa, safu ya kulia. Alimalizia kwa kusema, "Nisamehe, mume wangu," akangoja kelele.

Kelele hazikuja. Mwanamume alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa kompyuta, akatoa diski na kuiviringisha kwenye taulo safi. Akatoka. Hakumtazama mkewe hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Sindano kuliko tusi lolote.

"Anza kukunja nguo zako," wifi alisema, kisha naye akashika njia ya kwake.

Mchana ukasogea. Sindano alijaribu kushona, sindano ya mashine ikavunjika. Chiriku alijifungia chumbani. Simu ilipolia ujumbe wa mumewe, Sindano aliigeuza kifudifudi kwanza, akaogopa kuisoma. Kisha akajikaza.

"Njoo dukani kwa fundi. Njoo na mtoto."

Basi! Hakuna mpenzi, hakuna Sindano. Walikwenda wameshikana mikono kimya, Chiriku akiburuza viatu. Ameniita nishuhudie kwamba hakuna kilichobaki, Sindano alijiambia. Anataka mtoto asikie kwa masikio yake.

Duka lilikuwa chumba kimoja kilichojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Mumewe alikaa kwenye stuli mbele ya kioo, macho mekundu. Alipowaona alisimama.

"Fundi amenieleza," alisema. "Amenieleza ulivyompigia simu. Kwamba ungeiacha ifike mia, nisingejua mpaka nakufa."

"Nilitamani kuiacha," Sindano alisema. "Sitakudanganya. Nilitamani sana."

"Lakini ulichomoa."

"Nilichomoa."

Simu ya mwanamume ililia. Alitazama jina, akapokea.

"Dada, nisikilize, halafu na mimi nitakusikiliza. Mke wangu alikosea, kisha akajitia kitanzi mwenyewe ili video zipone. Anayetaka kumfuta mtu hafanyi hivyo... Ndiyo. Utakuja kumwomba radhi mwenyewe. Si leo, leo tuna kazi."

Akakata. Sindano aligeukia kioo.

"Kwa hiyo zimepona?"

"Nyingine," fundi alijibu. "Majina yamepotea, zimebaki namba tu. Nyingine hazitafunguka tena. Ni kufungua moja moja mpaka tujue. Nimemwambia mzee afungue, toka saa ile ananiangalia tu."

Muuguzi alirudi kwenye stuli, akautazama mkono wake juu ya kipanya kama si wa kwake.

"Fungua wewe, Sindano. Mimi naogopa."

"Unaogopa zimeharibika?"

"Naogopa zimepona. Sijawahi kuzitazama. Tangu tulipomzika, hata moja. Jumapili nikiwa nyumbani, Chiriku akikaa pale, mimi nakwenda nyuma kufua."

"Kumbe ndiyo maana unafua Jumapili? Nami nikadhani nimeolewa na mwanamume mwenye bidii!"

Mumewe alicheka kidogo huku machozi yanamtoka, akampisha kiti. Sindano alikaa, akampakata Chiriku. Akabonyeza ya kwanza. Haikufunguka. Ya pili ilikuwa rangi za ovyo na mlio wa kukwaruza. Chiriku aliufinya mkono wake. Ya tatu ikakaa muda mrefu bila kitu, kisha kicheko cha mwanamke kikajaa chumba.

"Tulia wewe! Kichwa hiki si mpira!"

Ilikuwa ile ya nywele. Marehemu amekaa kwenye ngazi, mtoto mdogo katikati ya magoti yake, vidole vinakwenda vyenyewe. Nyuma ya Sindano, mumewe aliweka mikono mabegani mwake akashikilia kama mtu anayeogopa kuanguka. Safari hii hakwenda kokote.

Chiriku alirudiwa na maneno yake.

"Mama Mdogo, mtazame vidole. Umeona? Hakazi. Wewe unakaza sana hapa mbele, ndiyo maana nalia."

Sindano alifuta macho kwa kiganja. Akasogeza kiti mbele mpaka karibu na kioo.

"Irudishe nyuma," alimwambia Chiriku. "Nataka kumwona vizuri anavyoanza."