Wiki Sita za Plasta

Kisomamifupa kilimpitia mtoto kwa mwanga wa buluu, na kabla hajamaliza kupiga miayo kilikuwa kimeshachora mifupa yake yote ukutani. Nyayo zote mbili zilikuwa zimepindia ndani. Mifupa ya mwisho ya uti wa mgongo haikuwapo.

"Soksi-nyooshi hazitamfaa," alisema Daktari Mbonea, mkuu wa kliniki hiyo ya watoto wachanga jijini Dodoma. "Zinavuta mguu kwa kusikiliza mishipa ya fahamu. Yake iko kimya. Zitamchubua ngozi, na wala hatalia."

Sekela, muuguzi aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, alimtazama mama wa mtoto. Nyamizi alikuwa ameketi peke yake, kama walivyoketi akina mama wote siku hizi: wanaingia, mtoto anavalishwa soksi, wanaondoka. Zamani walijaa kwenye mabenchi kila Alhamisi, wakigawana uji na habari, huku Sekela akinyoosha nyayo kwa mikono na kuzifunga plasta ya jasi, wiki baada ya wiki. Mtoto wa mmoja akipona, benchi zima lilipiga vigelegele. Chumba kile sasa kilikuwa stoo ya betri.

"Mama, atatembea?" Nyamizi alimuuliza Sekela.

"Kwa nguvu za miguu yake, hapana, mwanangu. Sikufichi. Lakini nyayo zikinyooka, atasimama kwa vyuma vya kushikilia miguu."

Nyamizi akajifunika uso kwa khanga. Alipojifunua, Sekela alimwambia watazinyoosha kwa plasta, kama zamani.

Plasta ilipatikana kwa daktari wa mifugo. Kwingine kote ilikuwa imeachwa. Mwanzoni vidole vya Sekela vilikosea, kisha vikakumbuka. Alizungushia pamba nene, maana mguu usiohisi hausemi unapoumia.

"Shika goti hapa. Taratibu, usilazimishe."

Kila wiki Nyamizi alishika, Sekela akafunga. Wiki ya tatu Daktari Mbonea alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaomba afundishwe.

Wiki ya sita plasta ya mwisho ililoweshwa, ikabanduliwa. Nyamizi alizilaza nyayo za mwanawe viganjani. Zilitulia, zimenyooka, laini. Kisha akatoa mkobani viatu vidogo vya uzi wa manjano.

"Nilivifuma nikiwa na mimba," alisema. "Vilikuwa haviingii."

Sekela akainama, akamsaidia kufunga kamba.